Gundi ya Zege Mdomoni

Chumba Na. 14,
Bweni la Wafanyakazi,
Nyuma ya Kiwanda cha Vigae.

Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Najua barua zangu huzisoma ukiwa umesimama mlangoni, miwani mkononi, ukirukaruka mistari kutafuta kama kuna msiba. Hii ya leo isome umekaa. Vaa miwani kabisa. Hakuna msiba.

Vipi miguu, bado inakufa ganzi asubuhi? Vipi sukari, umepimwa lini mara ya mwisho? Usiniandikie kwamba u mzima wa afya, kama unavyoandika miaka yote. Nataka ile namba iliyo kwenye kadi ya kliniki, uinakili jinsi ilivyo. Shemeji naye mgongo unasemaje? Na mwanao mwalimu, walishampa darasa lenye paa au bado anafundisha kwa kuhama na kivuli?

Mimi sijambo, kwa maana ya kwamba natembea na kazini nakwenda. Naandika nimeinamisha kichwa upande wa kushoto, kwa sababu fizi ya juu upande wa kulia imeshonwa nyuzi sita na nikiinama mbele inapwita. Ukiona mwandiko umelala, ndiyo sababu. Sijalewa.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, pale uliposema meno yako ya bandia ya chini yaliruka kanisani ulipopiga chafya, na mzee wa kanisa akayaokota kwa kitambaa kama anaokota sadaka. Mara ya pili niliacha kucheka. Mara ya tatu nilikasirika mpaka nikaenda kuosha vyombo ambavyo si vyangu.

Unasema umempata mtu wa meno, mwenye chumba juu ya duka la viatu, ambaye atakupandikizia meno manne ya chini kwa siku moja. Unasema ulimleta nyumbani mpaka kwenye picha yangu, ile uliyoitundika ukutani, ukamwambia unataka kama ya mdogo wako. Halafu mwisho wa ukurasa, kwa herufi ndogo kama mtu anayenong'ona, umeandika kwamba alipokuuliza kama una ugonjwa wowote ulimjibu huna, asije akakukatalia. Na siku mliyopatana ni ya mwisho ya mwezi huu.

Dada, ile picha ni ya uongo. Uso ni wangu na meno yalikuwa mdomoni mwangu kweli, lakini niliyokuandikia nyuma yake si ya kweli hata mstari mmoja. Nakuomba usome yote kabla hujapanda ngazi za duka la viatu.

Nilikwambia meno yangu mawili ya mbele yalioza na kampuni, kwa wema wake, ikaniwekea mengine. Hayakuoza. Unayakumbuka yalivyokuwa, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiyasugua kwa mkaa wa kusaga nikipiga kelele. Yalivunjwa.

Kazi yangu huwa naita "ujenzi" ili nisikuchoshe. Ukweli ni kwamba sijengi kitu. Mimi natoboa matundu kwenye zege na kupanda boliti ndani yake. Kila kitu kizito unachokiona kimeshikiliwa na ukuta, bomba, ngazi ya chuma, mashine, kuna mtu kama mimi aliyeweka boliti pale. Unatoboa. Unaingiza brashi ya waya, unasugua tundu. Unapuliza vumbi kwa pampu, mara nne, si mara tatu. Ndipo unajaza gundi, unaingiza boliti ukiizungusha taratibu, na unaiacha. Ukiigusa kabla haijakauka umeiharibu, na mtu atakayeangukiwa hutamjua.

Mwenzangu wa pampu tunamwita Kobe. Ni mtu mzima kunizidi, mpole, anakwenda polepole mpaka msimamizi anapandwa na presha. Msimamizi naye tumempa jina la Saa Ngapi, kwa sababu hana neno lingine. Ukimwambia ukuta unawaka moto atauliza saa ngapi.

Siku ile natoboa ukuta wa ghorofa ya tatu, ncha ya drili ikakutana na nondo ndani ya zege na ikakwama. Ncha ikikwama, mashine yenyewe ndiyo inayozunguka. Mpini uliniruka mikononi ukanipiga mdomoni. Jino moja nililikuta juu ya kiatu changu. La pili sikulipata, nadhani nililimeza. Kobe alizima mashine akanikalisha. Saa Ngapi alikuja, akaangalia damu, akaangalia saa yake, akauliza kama naweza kumaliza mstari ule kwanza.

Juma lile lile nilipelekwa kwa daktari wa kampuni. Kabla ya kuingia nilipewa karatasi iliyosema niliteleza bafuni bwenini. Nikitia sahihi, meno yatawekwa bila shida. Nisipotia, wataanza uchunguzi, na wakati wa uchunguzi mtu hafanyi kazi. Nilitia sahihi, Dada. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa kamba mezani, kwa hiyo nilijua si mimi wa kwanza.

Yule daktari alikuwa mchangamfu, redio imewashwa, anaimba. Alinitoboa mfupa wa taya akaingiza skrubu mbili. Nimelala pale na ganzi, nasikiliza mashine yake, na kwa mlio tu nikajua anakwenda mwendo mdogo na anatia maji, kama inavyotakiwa. Nikasema moyoni, huyu fundi mwenzangu. Tulingoja miezi minne mfupa uzishike zile skrubu. Kisha akafunga juu yake meno mawili ya kaure, meupe kushinda ya jirani zake.

Nilimuuliza kama yataoza. Akacheka akasema chuma hakiozi, haya yatanizika. Akanipa kijikaratasi cha maelezo kilichoandikwa kwa lugha ninayoisoma nusu nusu, akaniambia nirudi kila miezi sita. Jioni ile niliazima shati la Kobe, nikaenda kupiga picha. Hiyo ndiyo iliyoko ukutani kwako. Ukiangalia vizuri mabega, utaona shati linanipwaya.

Sasa sikiliza nilichofanya, na usimsomee Shemeji sehemu hii.

Kwa kuwa chuma hakiozi, nilisugua meno yangu ya kuzaliwa na haya mawili nikayafuta tu kwa kitambaa, kama mtu anavyofuta baiskeli. Miezi sita ilipofika niliomba ruhusa. Saa Ngapi aliniambia meno ya kampuni hayaugui. Miezi sita mingine ilipofika tulikuwa tumehamishiwa jengo jingine, na chumba cha yule daktari kilikuwa kimegeuzwa stoo ya rangi. Niliikuta redio yake pale pale dirishani, imechirizikiwa rangi ya bluu.

Mwaka wa pili, jino moja likaanza kucheza. Skrubu iliyo ndani ya mfupa ilikuwa bado imara, ila lile jino la kaure juu yake lilikuwa limelegea, likizunguka kidogo nikitafuna. Siku moja likatoka lote kwenye mkate. Nililishika mkononi, nikaangalia pale lilipotoka, nikaona kipande cha chuma kimechomoza kwenye fizi, kimesimama sawasawa. Nikajiambia hii kazi naijua.

Nilichukua gundi ya boliti, Dada. Ile ile ya zege. Nilijifungia chumba cha vifaa wakati wa chakula cha mchana na kioo cha kunyolea, Kobe akanimulikia kwa tochi. Nilikausha kwa kitambaa, nikapaka, nikabana jino mahali pake kwa kidole gumba mpaka lilipokamata. Gundi iliyozidi ikatambaa pembeni. Niliyoiona niliikwangua kwa kucha. Ambayo sikuiona ilikwenda chini ya fizi.

Kobe alisubiri nimalize, halafu akaniuliza, bila hata kutabasamu, "Vumbi ulipuliza mara nne?"

Tulicheka mpaka tukaegemea mifuko ya saruji. Nikiikumbuka ile tochi ikitikisika kwa kicheko chake, natamani nirudi pale nijipige kofi.

Jino lilishika. Kwa miezi nilijiona bingwa, niliwasimulia watu. Kisha fizi ikaanza kuwa nyekundu, kama ukingo wa kidonda. Nikiuma tunda naacha alama ya damu. Hakukuwa na maumivu hata kidogo. Kama lingeuma kama jino bovu ningekwenda mahali. Mimi nilichukulia kwamba kisichouma kimepona.

Halafu ikaja harufu. Mwenye harufu haisikii. Niliona tu Kobe, ambaye tunalala naye chumba kimoja, amehamisha godoro lake kulipeleka dirishani, akasema anataka hewa. Kule dirishani kuna mbu na yeye anaogopa mbu kuliko polisi. Nikamsonga anieleze. Akazungukazunguka, mwisho akasema, "Ndugu yangu, humo ndani kuna kitu kimekufa."

Nilienda bafuni nikaibonyeza fizi kwa kidole. Ukatoka usaha.

Unafikiri nilikwenda hospitali? Nilianza kuvuta sigara nyingi zaidi ili harufu ya moshi ifunike ile nyingine. Nikajifunza kuongea nimeweka kiganja mdomoni, na kucheka nikiwa nimegeuka. Wewe ukaandika kwamba majirani wanaiulizia picha yangu, na mimi nikakujibu nashukuru. Nilikujibu nikiwa nimetema damu kwenye sinki dakika tano kabla.

Mwishowe aliyenipeleka ni Kobe, siku ya mapumziko yetu wote wawili. Alinishika mkono wa shati kama mtoto. Tulikwenda hospitali kubwa wanakofundishia madaktari, tukapanga foleni kwenye benchi refu la mbao lililong'arishwa na makalio ya watu. Nilipoingia, Kobe alibaki nje anashikilia kofia yangu.

Daktari ni mama wa umri wako. Mikono midogo, maneno machache. Ana wanafunzi wanne nyuma yake wanaochungulia mdomo wa mtu kama wanachungulia kisima. Aliingiza kijiti chembamba chenye alama za vipimo kati ya fizi na ile skrubu. Mahali ambapo kijiti kingepaswa kusimama, kikaendelea kuzama. Akataja namba, mwanafunzi akaandika. Akataja nyingine, mwanafunzi akamwangalia kwanza kabla ya kuandika.

Kisha akanipiga eksirei na kuniwekea picha kwenye mwanga. Dada, sikuhitaji kuelezwa. Skrubu mbili zimesimama safi, zimenyooka, hazina kutu. Ila kuzunguka kila moja, mfupa umekwisha, umebaki shimo mfano wa bakuli. Ya kwanza ilikuwa imeshikwa kwa ncha tu. Ya pili imepoteza kama theluthi. Nimeona boliti za namna hiyo maisha yangu yote. Watu husema boliti imelegea. Boliti hailegei. Zege linaloizunguka ndilo linalomomonyoka, na boliti inabaki inang'aa haina la kushika.

Aliniuliza, bila ukali, niliweka nini pale. Nikamwambia. Mwanafunzi mmoja alicheka. Yule mama hakugeuka hata kumtazama, alimwambia tu aende akaoshe vifaa, vyote, hata visivyotumika.

Nikamuuliza mbona sikusikia maumivu. Akavua glavu, akanijibu kitu ambacho nataka ukisome mara mbili: "Mfupa hauumi unapoliwa. Huo ndio ubaya wake."

Alinieleza kwa lugha ya kueleweka. Uchafu unaganda kwenye skrubu kama unavyoganda kwenye jino, na hata vibaya zaidi, kwa sababu skrubu ina mikunjo. Fizi inavimba, na mwili unapopigana na ule uchafu, mfupa unarudi nyuma, unaikimbia skrubu. Kipande cha gundi chini ya fizi ni kama kuujengea uchafu nyumba. Na moshi wa sigara unazinyima fizi damu, jeraha halifungi. Yaani kila nilichofanya kuficha ndicho kilichokuwa kinachimba.

Ile inayocheza, akasema, haiokolewi, itatoka. Hii ya pili atajaribu: atafungua fizi, atasafisha skrubu mkunjo kwa mkunjo, atajaza unga wa mfupa kwenye lile shimo, atashona. Sikupewa ahadi. Mfupa ukirudi utarudi kidogo, na cha maana ni usiendelee kupungua. Kwanza niache sigara wiki nne na nijifunze kusafisha mdomo upya, kama mtoto.

Niliacha. Wiki ya kwanza nilimchukia kila mtu anayepumua. Kobe alikuwa ananinunulia bigijii zisizo na sukari na kuniwekea kwenye kiatu, tusiongee.

Alhamisi iliyopita ndiyo nikafanyiwa. Ganzi ilishika vizuri, nilisikia mikono tu. Alipofungua fizi alitoa kitu kwa koleo ndogo, akakiweka kwenye kisahani mbele ya macho yangu. Punje kama ya mchele, rangi ya kijivu. Nikaijua palepale, ni ile gundi, nimeikamua kutoka kwenye mrija mara elfu. Akaniuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Ile skrubu ya kwanza haikuhitaji hata nguvu. Aliizungusha kinyume mara mbili ikatoka, kama boliti iliyopandwa mchangani. Dada, mimi nimezoea kung'oa boliti mbovu, huwa natukana mpaka inatoka. Ile ilitoka kimya kimya, na hicho ndicho kilichonitoa machozi. Yule mama alifikiri ganzi imeisha.

Ya pili aliisafisha kwa muda mrefu. Brashi ndogo, halafu maji, halafu tena. Nilikuwa nahesabu moyoni. Alipita mara nne, Dada, kisha ya tano.

Kuhusu hiyo, bado haijulikani. Narudi baada ya wiki mbili kutolewa nyuzi, kisha kila miezi mitatu. Nilimuuliza mpaka lini. Akasema mpaka siku nitakayokuwa sina tena lile jino mdomoni. Nimepewa kibrashi kidogo mfano wa kile cha kusafishia chupa, nakipitisha pembeni ya skrubu asubuhi na jioni. Mkono huu unaoshika drili ya kilo tisa unahangaika kukishika kile kibrashi.

Kazini nilirudi jana. Saa Ngapi aliangalia pengo akasema sasa nitapiga mluzi vizuri. Watu wakacheka. Nilitaka kumwambia kuhusu ile karatasi ya bafuni, na kalamu yenye kamba. Nikainamia mashine. Mdomo umeshonwa, nikajitetea. Lakini hata kama usingeshonwa nisingesema, na hilo ndilo linaloniunguza kuliko nyuzi.

Hasira zangu nyingine ni zako, nawe uzipokee.

Mama alipofariki ulitukusanya jikoni ukatuambia watu wa nyumba hii hawalii nje. Tukakusikia. Kila mmoja wetu amekuwa fundi wa kuficha. Kaka alificha kifua chake mpaka kikammaliza. Wewe umeficha sukari miaka mingapi kabla hujazimia sokoni? Mimi nimeficha meno. Na sasa unataka kuificha sukari kwa mtu atakayekutoboa taya matundu manne. Umemdanganya mtu mmoja ambaye ungepaswa kumwambia hata usiyomwambia Shemeji.

Nilimweleza yule mama daktari habari zako. Sikukutaja jina, nilisema dada yangu aliyenilea. Hakusema usifanye. Alisema sukari ikiwa imetulizwa, na ikaonekana kwenye kile kipimo kinachosoma miezi mitatu ya nyuma, wengi wanawekewa na wanaishi nayo. Ikiwa inapanda ovyo, jeraha halifungi na mfupa haushiki, na hata ukishika unaliwa upesi. Alisema pia huenda hayo meno yako ya bandia yanahitaji kurekebishwa tu yakae vizuri, au skrubu mbili tu za kuyabana yasiruke, badala ya nne. Lakini hayo hawezi kuyajua bila kuuona mdomo wako.

Nikamuuliza, kama angekuwa yeye ndiye dada yangu, angemuuliza nini yule mtu wa meno. Alikuwa tayari ameshika mpini wa mlango. Akasema, "Nani atamwangalia mwaka wa tatu? Amuulize hilo kwanza."

Mimi hakuna aliyenijibu hilo, kwa sababu sikujua ni swali.

Kwa hiyo nakuomba, kabla ya mwisho wa mwezi, nenda kliniki ukapime. Kisha panda kwa yule mtu na kadi yako mkononi, umwambie una kisukari, tangu mwaka gani, na unameza dawa gani. Akikwambia si kitu, inuka. Hata kama ameshakufunga kile kitambaa shingoni, toka nacho, utamrudishia baadaye.

Ndani ya bahasha hii kuna kitu kimekunjwa kwenye karatasi na kufungwa kwa plasta. Usishtuke. Ni ile skrubu. Yule mama alikuwa anaitupa, nikamwomba. Imechemshwa, ni safi. Iweke kiganjani uiangalie kwenye mwanga wa dirisha. Utaona ni ndogo, nyepesi, nzuri kabisa, haina dosari yoyote. Iangalie mpaka uchoke, halafu ujiulize mbona imo kiganjani mwako na haimo mdomoni mwangu.

Nenda nayo juu ya duka la viatu. Mpe yule mtu aishike. Akicheka, au akikwambia ya kwako si ya namna hii, ondoka. Akiigeuzageuza kwenye mwanga na kukuuliza ilitolewa kwa nini, basi kaa umsikilize, huyo huenda ni fundi.

Na ile picha iteremshe. Majirani wakiuliza, waambie ukweli, waambie mdogo wako ana pengo. Nitakutumia nyingine nyuzi zikitoka, nimefungua mdomo wote, na shati langu mwenyewe.

Nisalimie Shemeji, mwambie alale chali na asibebe magunia. Nisalimie mwanao mwalimu, na Mama Mdogo, mwambie bado nina lile sweta ingawa mikono imefupika. Mjomba fundi cherehani msalimie kwa sauti kubwa, sikio la kulia. Kobe anakusalimu sana. Anasema anakujua, kwa jinsi ninavyokuogopa.

Mungu akuweke mzima, akutulizie sukari, na akupe ujasiri wa kusema ulicho nacho kwa mtu anayestahili kukijua. Kama akinipa na mimi kidogo, nitakwenda ofisini kuulizia ile karatasi.

Ni mimi akupendaye hata nikiwa nimekasirika, zaidi nikiwa nimekasirika,

Kitindamimba wako.